"Jengo likikamilika, utafiti utakuja": dhana inayorudisha nyuma vituo vya saratani

Wiki iliyopita mkurugenzi mwingine wa hospitali alinikunjulia mezani ramani ya jengo la ghorofa nne. "Daktari, hili likiisha, tutakuwa kituo cha utafiti." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno. Nilimwomba kwanza tushuke masjala.

Tulichomoa mafaili kumi ya saratani ya shingo ya kizazi. Matatu hayakuwa na majibu ya kipimo cha kinyama, kile kipande cha uvimbe kinachokatwa na kupelekwa maabara. Mawili hayakuonyesha hatua ya ugonjwa. Moja, mahali pa makazi, liliandikwa "karibu na msikiti", bila namba ya simu. Mama huyo akifariki mwakani, nani atajua?

Utafiti wa saratani huanzia hapo: jibu la patholojia (uchunguzi wa kinyama hicho maabara) lililothibitishwa, hatua ya ugonjwa iliyoandikwa siku ya kwanza, na habari za mgonjwa baada ya matibabu. Bila hayo, mashine ya mabilioni itatoa picha tu.

Tazameni Kampala. Mwaka 1958, Denis Burkitt alipoandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto, alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, bila taasisi yoyote ya saratani nyuma yake. Alizituma picha za uvimbe huo hospitali nyingine za Afrika, akiuliza nani ameuona. Mwaka 1961 akaingia barabarani na wenzake wawili, hospitali hadi hospitali, mpaka Afrika Kusini. Vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege hadi London ndivyo vilivyowawezesha watafiti Epstein, Achong na Barr kutangaza mwaka 1964 virusi vipya walivyovikuta ndani ya uvimbe huo. Kituo cha limfoma (saratani ya chembe za kinga, na uvimbe ule wa taya ni aina yake mojawapo), ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilifunguliwa mwaka 1967. Hesabuni wenyewe kilichotangulia. Na wataalamu wa kigeni walipoondoka enzi za Idi Amin, alikuwepo Charles Olweny wa kushika uongozi.

Wapo pia wanaosema mkurugenzi lazima awe mtafiti bingwa. Si lazima. Lazima ailinde siku moja ya wiki ya daktari kijana isipangiwe kliniki, na asaini mshahara wa karani wa kumbukumbu kabla ya kusaini mashine.

"Mfadhili atalipa." Mfadhili hulipa mradi. Mradi ukiisha, karani anarudi nyumbani na rejesta ya wagonjwa inasimama. Mwingizeni kwenye bajeti ya hospitali tangu mwaka wa kwanza, jamani!

"Wagonjwa watakataa majaribio ya tiba." Ninaokutana nao huuliza mawili: nauli ya kurudi kliniki atatoa nani, na nikijitoa nitaendelea kutibiwa? Nauli iwekeni kwenye bajeti. Kujitoa ni haki yake na tiba haikatizwi. Aambiwe hivyo kabla hajatia sahihi.

Mkurugenzi yule amekubali kuajiri makarani wawili kabla ya kuchimba msingi. Wataanza na yale mafaili kumi, na wa kwanza kutafutwa, kupitia mhudumu wa afya wa mtaa, ni yule mama wa karibu na msikiti.