Kwa Nini Mchezo wa Kompyuta wa Mwaka 1998 Bado Unaongezewa Misheni Mpya?

Mwishoni mwa mwaka 1998, kampuni ya Looking Glass Studios ya Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Thief: The Dark Project, ambao mhusika wake mkuu ni mwizi na silaha yake kubwa ni giza. Kampuni hiyo ilifungwa Mei 2000, miezi miwili tu baada ya kutoa toleo la pili, Thief II: The Metal Age. Kwa kawaida mchezo wa aina hiyo husahaulika pamoja na waliouunda, lakini huu haukusahaulika. Mashabiki wameutengenezea misheni, yaani sehemu za kucheza zenye mahali na malengo yake, zaidi ya elfu moja, zinazogawiwa bure, na hata baada ya robo karne bado wanatengeneza nyingine. Ni nini kilichowashika kwa muda wote huo, na misheni zao zimebadilikaje?

Jibu linaanzia kwenye mchezo wenyewe. Michezo mingi ya enzi ile iliyoonyesha ulimwengu kupitia macho ya mhusika ilikuwa ya bunduki, na aliyeshinda ni yule aliyelenga haraka. Garrett, mwizi wa Thief, ana upanga na upinde, lakini akizingirwa na walinzi wawili hana muda mrefu wa kuishi. Tegemeo lake ni kutoonekana na kutosikika. Chini ya skrini kuna kito kidogo ambacho hung'aa mwizi anapokuwa kwenye mwanga na kufifia anapoingia gizani, na mchezaji hukitazama kuliko anavyotazama kitu kingine chochote. Sakafu nazo zina tabia zake: zulia humeza mlio wa hatua, mbao hulia kiasi, ilhali vigae na chuma humfichua kila anayepita kwa haraka. Mshale wa maji huzima mwenge, mshale wa kuvumwani hutandaza ulaini juu ya vigae, na mshale wa kamba ukinasa kwenye boriti humpatia mwizi njia ya kupanda.

Katika mchezo wa namna hii, mpinzani halisi wa mchezaji ni jengo. Mahali taa ilipowekwa, urefu wa ukumbi uliotandikwa vigae, dirisha lililoachwa wazi ghorofani, kona ambayo mlinzi huigeukia katika kila mzunguko wake: hayo ndiyo yanayoamua iwapo misheni itasisimua au itachosha. Mtu akipewa walinzi wale wale, mienge ile ile na mishale ile ile, anaweza kujenga nyumba nyingine na kupata mchezo tofauti kabisa, bila kubuni silaha mpya wala adui mpya. Hata ugumu haupimwi kwa wingi wa maadui peke yake. Mchezaji anayechagua daraja la juu huongezewa malengo ya kutimiza, na mara nyingi hukatazwa kuua mtu yeyote, kwa hoja kwamba mwizi stadi hahitaji damu. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya uhai wa misheni za mashabiki, kubwa hata kuliko hadithi ya Garrett, ambayo wapenzi wa mchezo huitaja kwanza.

Sababu ya pili ni kifaa. Programu ambayo wabunifu wa Looking Glass waliitumia kujenga misheni zao, iitwayo DromEd, ilitolewa kwa umma mwaka 1999 bila msaada wowote rasmi. Ni programu ngumu, na sifa yake ya kugoma katikati ya kazi haikusingiziwa. Ndani yake ulimwengu huanza ukiwa jabali moja lisilo na uwazi. Mtengenezaji hupunguza jabali hilo, kama fundi wa milango anavyochimba nakshi kwenye ubao: akiweka kipande cha hewa, chumba kinapatikana, akiweka kipande cha mawe ndani ya hewa hiyo, nguzo inasimama, akiweka cha maji, kisima kinajaa. Vipande hivyo husomwa kwa mfuatano, kwa hiyo asiyekuwa mwangalifu hushangaa nguzo ya jana ikimezwa na hewa aliyoiongeza leo.

Baada ya kuchimba huja kazi ambayo mchezaji haioni kamwe. Kila chumba lazima kizungushiwe mpaka wa pili, unaoijulisha injini ya mchezo, yaani programu ya msingi inayouendesha, kwamba hapa ni mahali pamoja, pale ni pengine, na mlango fulani ndio unaopaunganisha. Mlio katika Thief haupenyi ukuta kwa mstari ulionyooka, bali husafiri chumba hadi chumba kwa kufuata mipaka hiyo na milango yake. Mpaka ukikosewa, mlinzi aliye hatua mbili kutoka kwa mwizi hasikii kitu, na mwingine aliye upande wa pili wa ukuta mnene anachomoa upanga kwa sababu ya hatua asizopaswa kuzisikia. Kisha mtengenezaji huiachia kompyuta ikokotoe mwanga, vivuli na njia za walinzi, na kwa misheni kubwa kwenye kompyuta za wakati ule hesabu hiyo ilimlazimu mtu kusubiri sana kabla ya kujaribu alichokijenga.

Si ajabu, basi, kwamba misheni nyingi za mwanzo zilikuwa ndogo na zilifanana. Kulikuwa na jumba la tajiri, ukuta wa nje, walinzi kadhaa, kitu cha thamani ghorofani na njia ya kutokea, kwa kufuata nyayo za misheni ya kwanza ya mchezo wenyewe katika jumba la Lord Bafford. Vyumba vilikuwa vya pembe nne, samani chache, na barua zilizoachwa mezani zilisema tu ufunguo uko wapi.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo katika mwaka 2000. La kwanza ni ujio wa toleo la pili. Wachezaji wengi walikuwa wamelalamikia maiti zinazotembea na wanyama wa ajabu wa toleo la kwanza, nao wabunifu wakawasikia kwa kuelekeza mkazo kwenye walinzi wa kibinadamu, mitaa na majumba. Misheni yake moja, Life of the Party, humpitisha mchezaji juu ya mapaa ya mji hadi kwenye mnara. Injini nayo iliboreshwa, ikaongezewa taa za rangi, na watengenezaji wengi wakahamia huko. Kichekesho ni kwamba mara tu walipohama, wengi waliwarudisha wale wale maiti ndani ya misheni zao.

La pili ni kufungwa kwa kampuni. Kabla ya hapo misheni ya shabiki ilikuwa nyongeza ya kujifurahisha wakati watu wakisubiri toleo lijalo. Sasa waliojua kuitumia injini hiyo walitawanyika, na aliyetaka mchezo wa namna ile alilazimika kuutengeneza mwenyewe au kumtegemea shabiki mwenzake. Programu ndogo iliyoitwa DarkLoader iliwasaidia mno: ilichukua faili moja iliyofungwa, ikaipachika kwenye mchezo na kuiondoa baadaye bila kuharibu misheni za asili. Bila urahisi huo wa kubadilisha misheni, nina shaka kama wachezaji wa kawaida wangejisumbua.

Kilele cha kipindi hicho ni kazi iliyotolewa mwaka 2005 na kikundi kilichojiita Dark Engineering Guild baada ya takriban miaka mitano ya kazi. T2X: Shadows of the Metal Age ina misheni 13 zinazofuatana, video za kuunganisha hadithi, waigizaji wa sauti na mhusika mpya, mwanamke aitwaye Zaya. Hapa shabiki aliacha kuazima viatu vya Garrett. Kwa maoni yangu misheni hizo hazilingani kwa ubora, jambo la kawaida kwa kazi ya mikono mingi, lakini zilithibitisha kwamba watu wasiolipwa wanaweza kukamilisha mchezo mzima wenye ukubwa wa ule unaouzwa dukani.

Wakati huohuo ufundi ulikuwa unanolewa kwa njia isiyo na kelele nyingi, nayo ni mashindano. Masharti yalikuwa ndiyo mwalimu. Shindano mojawapo, kwa mfano, liliwabana watengenezaji kwenye kiwanja kidogo na kuwataka wajenge kwenda juu, na matokeo yake ni minara na visima ambavyo mtu aliyezoea kujenga kumbi pana asingevifikiria. Wachezaji nao walizidi kuwa wakali. Baadhi yao walijiwekea kanuni ya kupita kama mzuka, yaani kumaliza misheni bila kuonekana, bila kumzimisha mlinzi kwa rungu na bila kuzusha hata shaka. Mtengenezaji aliyewajali hawa alilazimika kukipima kila kivuli na kila mzunguko wa doria, na ndiyo maana misheni nzuri za miaka hiyo huwa na njia tatu au nne za kuingilia mahali ambapo misheni za mwanzo zilikuwa na mlango mmoja.

Toleo la tatu, Thief: Deadly Shadows, lilitolewa mwaka 2004 na kampuni nyingine, Ion Storm, na kihariri chake, yaani programu ya kujengea misheni, kikafuata mwaka 2005, lakini misheni zake za mashabiki ni chache mno zikilinganishwa na zile za matoleo mawili ya kwanza. Maeneo yake yalikatwa vipande vidogo vinavyopakiwa kimoja kimoja, na mjenzi wa misheni huhitaji nafasi. Mchezo wa mwaka 2014 uliobeba jina lile lile la Thief haukutoka na kihariri kabisa. Mashabiki wengine walichagua kuanza upya: mradi wa The Dark Mod, uliotolewa mwaka 2009 juu ya injini ya mchezo mwingine, Doom 3, na kujitegemea kikamilifu mwaka 2013, una misheni nyingi na kihariri chake mwenyewe.

Injini ya zamani, kwa upande wake, ilikuwa inaelekea kufa. Iliandikwa kabla ya kompyuta za nyumbani kuwa na vichakataji vyenye viini vingi, kwa hiyo mchezo uliganda au kuzimika kwenye mashine mpya. Aidha, ilikuwa na mipaka mikali ya idadi ya nyuso ambazo jicho lingeweza kuona kwa wakati mmoja na idadi ya vitu katika misheni, kiasi kwamba mjenzi wa mtaa mpana alilazimika kupinda barabara au kuzuia upeo kwa ukuta usio na maana ili mchezo usizimike.

Mwaka 2010 nakala ya msimbo chanzo wa injini hiyo, yaani maandishi ya programu yake, ilijulikana kuwapo, na Septemba 2012 kiraka kisicho rasmi, yaani programu ya kurekebisha mchezo, kikawekwa kwenye jukwaa la mashabiki wa Kifaransa na mtu aliyejiita Le Corbeau, yaani kunguru, bila kujitambulisha zaidi. Kiraka hicho, kilichokuja kuitwa NewDark, kiliuwezesha mchezo kufanya kazi kwenye kompyuta za kisasa na skrini pana, kikapandisha mipaka ile kwa kiwango kikubwa, na kikaruhusu picha za kuta zenye rangi nyingi zaidi. Baadaye kiliongezewa uwezo wa kuandika maagizo kwa lugha ya programu iitwayo Squirrel, hivyo mtengenezaji akaweza kubuni mitambo na matukio ambayo awali yalihitaji ujuzi wa programu wa kiwango cha juu.

Kilichofuata ni mafuriko. Misheni zilipanuka hadi kuwa wilaya nzima za mji, zenye maduka, mahekalu, mifereji na makumi ya barua na shajara zinazosimulia maisha ya wakazi wake. Baadhi, nitasema wazi, zilipanuka kupita kiasi: mchezaji huzunguka saa tano akitafuta swichi moja nyuma ya rafu ya vitabu, katika mji uliopambwa vizuri lakini usiojua unamtaka afanye nini. Mipaka ya zamani ilikuwa inafanya kazi ya mhariri bila kuambiwa, na ilipoondoka kila mtengenezaji alilazimika kujihariri mwenyewe.

Waliolielewa hilo ndio waliotoa The Black Parade, kampeni (mfululizo wenye hadithi moja) ya misheni 10 iliyotoka mwaka 2023 wakati mchezo unatimiza miaka 25, baada ya kazi ya takriban miaka saba. Mhusika wake ni Hume, mhalifu aliyerejea mjini baada ya kutumikia adhabu ya kufukuzwa. Kinachovutia ni kwamba waundaji wake hawakutumia toleo la pili lenye mafanikio yote yale. Walirudi kwenye Thief Gold, toleo la mwaka 1999 la mchezo wa kwanza lililoongezewa misheni, kwa sababu NewDark imeruhusu hata mchezo huo wa kwanza kuendeshwa kwa injini iliyoboreshwa. Hivyo waliweza kujenga kumbi na mitaa ambayo Looking Glass isingeweza kuiendesha mwaka 1998, huku wakibaki na picha za kuta zenye chembe kubwa, maiti wanaoguna na giza zito la asili. Ukubwa wa maeneo ni wa leo, na kanuni ni zile zile: kito kinafifia, vigae vinalia, na mlinzi anageuka.

Kuicheza kunahitaji nakala halali ya Thief Gold, ambayo bado inauzwa mtandaoni kwa bei ndogo, pamoja na kiraka cha mashabiki kiitwacho TFix, ambacho huweka NewDark na kuandaa mchezo kwa mara moja. Kampeni yenyewe ni ya bure, na mchezaji mgeni anashauriwa amalize kwanza misheni za asili, kwa kuwa hii haitoi mafunzo yoyote ya kunyata.