Dhana potofu kuhusu makaratasi ya nyumba za kupangisha Dar es Salaam

Anayetaka kununua nyumba ya kupangisha Tandika, Mbagala au Tabata huonyeshwa kwanza vyumba, choo na tangi la maji. Makaratasi huja mwisho, mara nyingi akiwa ameshatoa kishika uchumba. Watu wanaumia sana kwa utaratibu huo, na unaendelea kwa sababu ya mambo tunayoyaamini bila kuyahoji.

"Mwenyekiti wa mtaa ameshagonga muhuri."

Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba watu walikutana pale wakatia saini mbele ya mashahidi. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye nyumba. Kama kiwanja kina hati, umiliki unasomwa kwa Msajili wa Hati. Huko ndiko unakoomba upekuzi, ujue kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio. Kama kina leseni ya makazi (kibali cha muda kwa eneo lisilopimwa), nenda manispaa ukaulize iko kwa jina la nani na muda wake unaisha lini. Na muuzaji anayeishi na familia yake chumba cha mbele anauza nyumba ya ndoa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo iandikwe.

"LUKU inasoma jina lake."

Jina la kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni la aliyeomba umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye LUKU, kwa hiyo hata mpangaji huilipa anaponunua umeme. Risiti hiyo haimpi mtu umiliki.

"Vyumba sita, kila kimoja elfu themanini. Piga hesabu mwenyewe."

Dalali anakupigia kodi ya 480,000 kwa mwezi, na hesabu yake ni sahihi. Tatizo ni kwamba wapangaji wengi Dar hulipa miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima mbele. Ukinunua Machi na wanne kati ya sita wameshalipa hadi Agosti, pesa yao ameshaichukua muuzaji, na mikataba yao haifi kwa sababu nyumba imepata mwenye mpya. Mpaka Agosti iishe unategemea 160,000 tu, labda na mkopo wa benki juu yake.

Dai mkataba wa kila chumba na taarifa ya benki au ya M-Pesa inayoonyesha kodi ikiingia. Halafu pita chumba kwa chumba, muuzaji akiwepo, kila mpangaji aandike kwa mkono wake: analipa kiasi gani, amelipa mpaka lini, aliweka amana kiasi gani. Ukikuta chumba ambacho "mpangaji" wake hana hata sufuria, kiulizie kwa jirani. Kodi iliyolipwa mbele ikatwe kwenye bei kabla hujasaini. Kama kuna ushauri mmoja tu wa kushika katika haya yote, ningeomba uwe huu.

"Mkataba wa mpangaji umesainiwa kwa wakili, inatosha."

Bado ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Kwa chumba cha 80,000 ni shilingi 9,600. Mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini, na wenye nyumba wengi hulijua hilo siku wanayotaka kumtoa mpangaji.

"Meseji si ushahidi."

Ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu mahakamani, ila mahakama itapima umetunzwaje na umetoka wapi. Picha ya skrini iliyokatwa juu na chini ni dhaifu. Usiufute ujumbe wenyewe, na simu ikipotea omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu.

"Kampuni iliyopanga imenipunja asilimia 10."

Hiyo ni kodi ya zuio. Kampuni inatakiwa kuikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha ikupe cheti kinachoonyesha kodi hiyo imelipwa kwa jina lako. Cheti hicho ndicho kitakachokutetea TRA wakikuuliza, na ukienda kuomba mkopo benki kina uzito kuliko daftari lako la wapangaji. Kidai kila unapolipwa. Ukisubiri mwisho wa mwaka, utakuta mhasibu aliyekata pesa ameshahama.