Nzi wa maji si kila nzi anayezama

Ukitaja nzi wa maji, chambo cha kuvulia, siku hizi mbele ya wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, mmoja atakuonyesha ndoano yenye ushanga wa chuma kichwani, mwingine atakutolea nzi mkavu, yule wa kuelea juu ya maji, aliyelowa akashindwa kuelea, na wa tatu kitu kirefu chenye mkia kilichofungwa ili kifanane na samaki mdogo. Hoja yao ni moja: kimezama, basi ni cha maji. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi mno, na haitoshi.

Kwa ufupi, nzi wa maji ni chambo bandia cha manyoya na uzi kinachofungwa juu ya ndoano ili kiende chini kidogo ya uso wa maji, na kikiwa huko kionekane kina uhai. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo kila mtu anaikumbuka. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika, na kazi yote ya mikono iko huko.

Zamani nzi wote walikuwa hivyo. Kitabu kilichochapwa Uingereza mwaka 1496 tayari kina orodha ya nzi 12 wa kuvulia, na hakuna aliyehitaji kuwaita wa maji kwa sababu hawakuwa na mwenzao wa kutofautishwa naye. Nzi mkavu alipata jina lake karne ya 19, na Frederic Halford alipotoa kitabu chake cha nzi wa kuelea mwaka 1886, wavuvi wa mito ya chaki, ile inayochimbuka kwenye miamba ya chokaa, ya kusini mwa Uingereza waligeuka karibu waumini. Kuanzia hapo, yeyote asiyeelea alitupwa kwenye kapu moja. Mkorogo tulio nao ulianzia kwenye kapu hilo.

Sasa tuangalie unyoya, maana ugomvi wangu uko hapo. Nzi mkavu huvishwa unyoya wa shingo ya jogoo: mgumu, unaong'aa, vinyweleo vyake vimesimama wima na vinakataa maji. Nzi wa maji huvishwa wa kuku jike, au wa ndege kama kwale, sululu na kwenzi. Unyoya huo ni laini, unanywa maji, na kila mkondo unapoubonyeza unalala juu ya mwili, mkondo ukilegea unafunguka tena kama mwavuli. Mwendo huo wa kufunga na kufunguka ndio trauti anaouona. Kwa hiyo nzi mkavu aliyelowa hajageuka kuwa wa maji. Vinyweleo vyake vigumu bado vimesimama vilevile, havitikisiki. Ni nzi mkavu aliyeharibikiwa, basi.

Mchukue Partridge and Orange, nzi wa maji wa kaskazini mwa Uingereza. Hana mabawa, hana mkia. Ni uzi wa hariri wa rangi ya chungwa na unyoya mmoja wa mgongo wa kwale wa kijivu, wenye madoa ya kahawia. Ukishaibana ndoano kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, unaupaka uzi nta, unaanzia karibu na tundu la ndoano na kurudi nyuma kwa mizunguko iliyobanana, na unaishia mkabala na ncha ya ndoano, si mbali zaidi. Hariri ikilowa hukolea rangi, na weusi wa shina la ndoano lililo chini yake huanza kujitokeza. Mwili wa nzi kwenye kiganja chako na mwili wake mtoni ni rangi mbili tofauti, kwa hiyo ulowanishe kwa mate kabla hujauhukumu.

Unyoya wenyewe unausafisha kitako kwa kung'oa manyoya mepesi kama ukungu, unavichana vinyweleo virudi nyuma, kisha unauzungusha. Mara ngapi? Mzunguko mmoja na nusu. Miwili ukiwa mkaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu nzi mwenye unyoya haba anaonekana maskini akiwa mezani, na mfungaji anamwonea huruma na kumwongezea. Akifika mizunguko minne vinyweleo vinabanana, vinazuiana, na mkondo haupati pa kupita. Umefunga kizibo. Urefu wa vinyweleo nao usizidi sana mpindo wa ndoano.

Wapo pia wenye mabawa, na hao hawana dhambi yoyote. Greenwell's Glory alitokana na kasisi, Kanoni William Greenwell, aliyekuwa akivua mto Tweed mwaka 1854, akamwomba mfungaji James Wright wa Sprouston amfungie nzi wa kufanana na wadudu aliowaona siku hiyo. Mwili ni uzi wa njano uliotiwa nta mpaka ukaingia rangi ya zaituni. Mabawa yake ni vipande viwili, kimoja cha bawa la kushoto la ndege na kingine la kulia. Unavibana kwa kidole na gumba juu ya shina, unapitisha uzi ukiwa umelegea, kisha unauvuta moja kwa moja kwenda chini bila kuachia vidole. Ukiachia mapema, vinajikunja na kulala upande. Kwa nzi wa maji mabawa hayo yanainamia nyuma, juu ya mwili. Ya nzi mkavu husimama.

Halafu nimfu, chambo kinachoiga mdudu wa majini ambaye bado hajapata mabawa. Huyu ndiye anayechanganywa zaidi, na nakubali mpaka wake umewahi kugombewa na watu wazito: G. E. M. Skues, wakili wa London, alitetea uvuvi wa nimfu kwenye mito ya chaki hadi ukafanyiwa mdahalo katika Flyfishers' Club, klabu ya wavuvi wa nzi, mwaka 1938. Lakini mwangalie nimfu maarufu wa Frank Sawyer, mtunzaji wa mto Avon huko Wiltshire. Alimfunga kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, akatumia nyuzi za mkia wa ndege aitwaye fezanti, na hakumvisha unyoya wa shingoni hata kidogo, kwa kuwa nimfu anayeogelea hukunja miguu yake. Uzito umeingia, unyoya umetoka. Ni mantiki nyingine kabisa, ya umbo na kina, na ushanga wa chuma wa leo unaifuata hiyo.

Simwambii mtu aache nimfu zake, zinavua vizuri. Ila ukiambiwa umtupe nzi wa maji kukata mkondo na umwache azunguke kwenda chini mwenyewe, usimfunge wa ushanga, atakamata mawe kabla hajakamata trauti. Na wa kwako wa kwale akionekana amenenepa kwenye jiliwa, punguza mzunguko mmoja kabla hujafunga kichwa.