Limonini: harufu ya chungwa ndani ya bangi, na inachofanya mwilini

Limonini ni mafuta mepesi yasiyo na rangi ambayo mimea kadhaa huyatengeneza na kuyahifadhi kwenye vifuko vidogo sana. Kwenye chungwa, vifuko hivyo ni yale madoadoa ya ganda. Kwenye bangi hukaa ndani ya vinyweleo vyenye utomvu vinavyofunika maua ya mmea jike. Molekuli ni ileile: kaboni 10 na haidrojeni 16. Kwa hiyo mtu wa Tanga hana haja ya kuigusa bangi, ambayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaikataza, ili aijue limonini. Achukue chungwa la Muheza, hata lile la kijani (mengi ya kwetu huiva yakiwa bado ya kijani, kwa kuwa usiku hauna baridi ya kutosha kuuondoa ukijani wa ganda). Akunje kipande cha ganda kwa vidole viwili karibu na mshumaa. Kitaruka kinyunyu, na kikipita kwenye mwali kitawaka cheche za manjano. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonini. Imo pia kwenye limau, ndimu, chenza, danzi na balungi, kwa viwango tofauti.

Kikemia limonini ni terpini, yaani mojawapo ya viini vya harufu vya mimea. Bangi ina terpini nyingi, nazo zinapatikana pia kwenye vitu vya kawaida: mirsini imo kwenye embe, karyofilini imo kwenye karafuu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolevya kama THC, ambayo ndiyo kilevi chenyewe cha bangi.

Maneno yanayosambaa kuhusu faida za limonini ni makubwa: inatuliza wasiwasi, inaondoa sonona, inatibu saratani. Sehemu kubwa ya madai hayo imetokana na majaribio ya panya au ya seli zilizooteshwa maabara, na kipimo alichopewa panya ukikilinganisha na uzito wa mtu huwa kikubwa mno. Ushahidi wa kwa binadamu upo, lakini ni mchache, na unataka kusomwa kwa utulivu.

Ulio bora kuhusu wasiwasi ulitolewa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Watu wazima 20 wenye afya njema walivuta mvuke wa THC peke yake, wa limonini peke yake, au wa vyote viwili. Limonini peke yake haikuwa na tofauti na mvuke mtupu. Ilipochanganywa na THC ilipunguza hisia za hofu na za kushuku watu, na kadiri kipimo kilivyopanda ndivyo nafuu ilivyoongezeka. Nafuu iliyo wazi zaidi ilionekana pale miligramu 15 za limonini zilipowekwa pamoja na miligramu 30 za THC. Mapigo ya moyo na athari za THC kwenye kumbukumbu hazikubadilika kwa kiasi cha maana.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Uwiano huo ni limonini nusu ya THC. Bangi kali yenye THC asilimia 20 ina miligramu 200 za THC katika kila gramu, kwa hiyo ingehitaji miligramu 100 za limonini, yaani asilimia 10 ya uzito wake. Mmea hauna kiasi hicho: terpini zote zikijumlishwa, mara nyingi hazifiki hata asilimia 4. Bangi dhaifu ya THC asilimia 5 nayo ingehitaji limonini asilimia 2.5, na ikishaanikwa juani na kukaa kwenye gunia, sehemu ya mafuta haya mepesi huwa imeshapotea hewani. Watafiti waliongeza limonini safi kwa kipimo. Anayemwambia kijana kwamba bangi yenye harufu ya ndimu haileti wasiwasi anampotosha.

Kuhusu saratani, mwaka 2013 watafiti wa Arizona waliwapa wanawake wenye saratani ya titi ya hatua za mwanzo gramu 2 za limonini kila siku, kwa wiki 2 hadi 6 kabla ya upasuaji. Limonini ilijikusanya kwenye titi, na protini moja inayohusika na kugawanyika kwa seli ilipungua. Haikuonyeshwa kwamba uvimbe ulipona. Gramu 2 ni karibu nusu kijiko cha chai cha mafuta matupu, kiasi ambacho huwezi kukipata kwa kula machungwa. Mgonjwa asikatishe matibabu ya hospitali kwa ajili ya jambo hili.

Kuna pia hofu isiyo na msingi. Panya dume waliopewa limonini walipata uvimbe kwenye figo, lakini chanzo ni protini ya panya dume ambayo figo ya binadamu haina. Ndiyo maana mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la 3, la vitu visivyoweza kuainishwa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Madhara ya kweli yako kwingine, na la kwanza ni ngozi. Limonini mbichi haisumbui sana, ila ikikaa na hewa huungana na oksijeni na kutoa viini vinavyosababisha mzio: mwasho, wekundu, malengelenge, ngozi kupasuka. Mzio huo ukishaingia huwa hautoki, na kila ukigusa tena unarudi. Walio hatarini ni wamenya machungwa wanaoshinda na vidole vinavyong'aa mafuta na kitambaa kilekile cha jana, na wanaotengeneza sabuni ya maji nyumbani kwa manukato yaliyokaa wazi. Maji matupu hayaondoi limonini kwa kuwa haiyeyuki ndani yake. Nawa kwa sabuni, na kitambaa kifuliwe kila siku. Chupa ya mafuta iwe ya rangi ya giza, ijae, ifungwe sana, ikae mahali pa baridi, na iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Yakianza kunukia kama tapentaini au kunata, yamwage. Ya kupaka mwilini, mililita 1 ndani ya mililita 100 za mafuta ya nazi inatosha. Yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu usiyapake ukaenda juani: yana furanokumarini, viini vinavyochokozwa na jua, na ngozi itaungua na kuacha mabaka meusi.

La pili ni kunywa. Mtoto akimeza mafuta haya, hatari kubwa ni yaingie kwenye mapafu. Usimtapishe. Mkimbize Hospitali ya Bombo, Tanga, au kituo cha afya kilicho karibu, na uichukue chupa. Mtu mzima akinywa mengi atapata kichefuchefu na kuharisha.

La tatu ni moto. Limonini huchemka kwa nyuzi 176, na ncha ya msokoto unaowaka hupita nyuzi 600. Kwenye joto kali sehemu yake hugeuka kuwa vitu vingine, benzini ikiwemo, ambayo husababisha saratani ya damu. Moshi unabaki kuwa moshi hata ukinukia vizuri.

Aliyevuta akashikwa na hofu asitegemee kunywa ndimu. Limonini iko kwenye ganda zaidi kuliko kwenye maji yake, na ndimu haiitoi THC kwenye damu. Akae mahali patulivu na mtu anayemwamini, apewe maji, asubiri saa kadhaa, asiendeshe bodaboda. Akiumwa kifua, akizimia au akianza kusikia sauti zisizokuwepo, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe ukweli wa alichotumia.

Anayetumia nifedipini ya presha au simvastatini ya kolesteroli ajihadhari na balungi, kwani huongeza dawa hizo kwenye damu. Limonini haihusiki hapo. Ni furanokumarini tena, nazo zimo kwenye juisi yenyewe.