Kugrauti si kuziba kisima

Kugrauti ni kujaza rojo la saruji katika uwazi ulio kati ya bomba la chuma (kesingi) na ukuta wa mwamba, kisha kuliacha ligande. Ndani ya bomba kisima hubaki wazi. Kwa hiyo anayesema visima vya mvuke vya Menengai, hapa Nakuru, "vimezibwa kwa simiti" anataja kazi nyingine kabisa. Kisima huzibwa kinapoachwa.

Uwazi wenyewe ni mwembamba. Kesingi ya inchi 9⅝ katika tundu la inchi 12¼ huacha inchi moja na ushei tu kila upande. Usipojaa, maji ya jotoardhi yenye chumvi, boroni na floraidi hupata njia ya kupanda hadi matabaka ya maji baridi. (Floraidi nyingi ya visima vya Bonde la Ufa, ile inayotia meno rangi ya kahawia, hutoka kwenye miamba yenyewe. Si kila jino la kahawia ni kosa la wachimba mvuke.)

Saruji tupu haifai huko. Joto likipita takriban nyuzi 110 za Selsiasi, hupoteza nguvu na kuanza kupitisha maji, ndiyo sababu huchanganywa na unga wa silika, asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa saruji. Bentonaiti kidogo (aina ya udongo wa mfinyanzi) huongezwa ili maji yasijitenge na rojo. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu bentonaiti hiyo hiyo imo katika matope ya kuchimbia, ambayo kazi yake ni kupoza biti (kichwa kinachokata mwamba) na kupandisha vipande vya mwamba. Matope hayo si grauti. Yasipooshwa, saruji haishiki mwamba wala chuma.

Rojo hupigwa pampu kupitia ndani ya kesingi, likatokea chini ya kesingi na kupanda nje yake mpaka juu, likiyasukuma maji mbele yake. Likipotelea kwenye nyufa kabla ya kufika, sehemu iliyobaki hujaziwa kutoka juu, na hapo hatari ni maji kunaswa kati ya kesingi hiyo na nyingine pana inayoizunguka. Kisima kikipata moto maji hayo hutanuka, hayana pa kwenda, na kesingi ya ndani hubonyea.

Basi fundi wa kisima cha maji kule Njoro anayemwaga ndoo mbili za simiti kuzunguka mdomo wa bomba hajafanya vibaya, maji ya mvua hayataingia kwa urahisi. Ila hajagrauti, amepiga sakafu.