Faharasa si ghala

Wiki iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kwenye ukumbi mmoja hapa Mwanza nikisikiliza wanafunzi wa afya wakitetea mapendekezo yao ya utafiti. Wa tatu alipofika kwenye mapitio ya machapisho akasema, bila kupepesa macho: "Utafiti huu ulichapishwa na PubMed mwaka 1995." Jopo likaitikia. Mjumbe mmoja hata akaandika kitu kwenye karatasi yake, nadhani alama. Mimi ni mkutubi tu, nilikuwa nimealikwa kusikiliza, nikanyamaza. Lakini ilikuwa mara ya nne kulisikia neno hilo ndani ya mwezi mmoja, na mara mbili kati ya hizo lilitoka kinywani mwa wakutubi wenzangu.

Mwaka 1995 PubMed ilikuwa haijazaliwa. Ilianza kwa majaribio Januari 1996, na ikafunguliwa rasmi kwa kila mtu kuitumia bure Juni 1997.

Maana yake ni fupi. PubMed ni faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayokuonyesha kitu kiko wapi. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland. Ina rekodi zaidi ya milioni 37 za machapisho ya tiba na sayansi za viumbe, na kila rekodi inabeba jina la makala, waandishi, jarida, mwaka, kurasa, na mara nyingi ikisiri, yaani ufupisho wa makala. Makala yenyewe haimo. Haijachapishwa hapo.

Sasa tuseme kwa nini tunakosea, maana sidhani kama ni uzembe. Ninalilaumu neno "hifadhidata". Tulilitunga kwa nia njema, na kwa wataalamu wa kompyuta halina shida. Lakini Mswahili akisikia "hifadhi" anaona kitu kimewekwa ndani na kinatunzwa. Hifadhi ya Saanane, hapo mkabala na mji, ina pimbi na swala wenyewe, siyo orodha ya pimbi. Kwa hiyo mtu akiambiwa "PubMed ni hifadhidata ya makala", akili yake inamwambia moja kwa moja kwamba makala zimo ndani, na akizikosa basi kuna mtu kazifungia. Ukweli ni kwamba data inayohifadhiwa pale ni habari kuhusu makala, kama zile kadi za droo za mbao tulizokuwa nazo maktabani zamani. Hakuna aliyewahi kuivuta droo akalalamika kwamba kitabu hakimo.

Ndiyo maana napenda tulirudie neno faharasa, ambalo tunalo tayari na lina ukoo mzuri.

Limetujia kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi, waliosema fihrist kwa maana ya orodha. Huku kwetu likazaa mapacha: faharasa, ile ya nyuma ya kitabu, na fahirisi, inayosikika kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza mfumuko wa bei na kutaja fahirisi za bei. Mpaka leo sijaona mtu aliyekwenda ofisi hiyo na kikapu kununua unga kwa sababu fahirisi imeutaja unga. Kwenye bei tunaelewa vizuri kabisa. Kwenye makala ndipo tunapotea.

Wazungu nao, neno lao la faharasa ni index, na kwa Kilatini hilo ni jina la kidole cha shahada. Pia lilimaanisha mtoa habari, mtu anayekwambia fulani yuko wapi. Hapo ndipo maana yote ilipo. Ukiingia Mwaloni Kirumba asubuhi ukauliza dagaa wakavu, kijana wa kwanza utakayekutana naye hana dagaa. Ananyoosha kidole: "Wale kule, kwa mama mwenye kanga nyekundu." Unakwenda, unapatana, unalipa. Ukifika nyumbani ukaulizwa umenunua wapi, hutasema "kwenye kidole cha yule kijana".

Kuna mfano mmoja wa kale nisioweza kuuacha. Mwaka 987 au 988 muuza vitabu wa Baghdad, Ibn al-Nadim, aliandika kitabu akakiita al-Fihrist. Alikusudia kuorodhesha vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua, pamoja na waandishi wake, na tiba ikiwemo. Faharasa hiyo tunayo hadi leo. Vitabu vingi alivyoviorodhesha vimepotea, havipo popote duniani. Kidole kimebaki kinaonyesha, na pale kinapoonyesha hapana kitu. Kama faharasa ingekuwa ndiyo hifadhi ya vitabu, visingepotea.

PubMed ni mjukuu wa kazi ya namna hiyo. Babu yake ni Index Medicus, jarida lililoanzishwa 1879 na John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya mganga mkuu wa jeshi hilo. Halikuwa na makala hata moja ndani yake. Lilikuwa orodha tupu ya yaliyochapishwa kwingine, yakiwa yamepangwa kwa mada na kwa waandishi. Kompyuta zikaingia miaka ya 1960, na mwaka 1971 ikaja MEDLINE, faharasa ileile ikisomwa kwa njia ya simu na mitambo. PubMed ikafuata. Toleo la karatasi lilikoma mwishoni mwa 2004. Miaka yote hiyo kilichobadilika ni namna kidole kinavyonyooka.

Naomba nikae kidogo kwenye majina matatu, maana hapa ndipo hata sisi tunaofundisha wengine tunapojikwaa. MEDLINE, PubMed na PubMed Central si kitu kimoja.

MEDLINE ndiyo kiini. Jarida haliingii humo kwa kujiandikisha. Linapitiwa na kamati, na likikubaliwa, makala zake hupewa vichwa vya mada, ambavyo nitavirudia. PubMed ni dirisha kubwa zaidi. Ndani yake kuna MEDLINE yote, kuna rekodi ambazo bado hazijapewa vichwa, na kuna rekodi za makala zilizomo PubMed Central. Na hii PubMed Central, iliyofunguliwa mwaka 2000, ndiyo yenye makala nzima nzima, bure, unazisoma hadi mwisho. Hiyo ndiyo ghala. Aliyeamua kumpa mtoto jina karibu sawa na la mzazi hakutufikiria sisi wa kaunta.

Namba zinasaidia. Kila rekodi ya PubMed ina namba yake, tarakimu tupu. Ukiona kando yake namba nyingine inayoanza na herufi PMC, ujue nakala ya makala hiyo imo ghalani. Usipoiona, bado usikate tamaa, ila jua kwamba sasa unatakiwa kwenda kwa mama mwenye kanga nyekundu, yaani kwenye jarida lenyewe.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nimeletewa majarida ya ajabu, ya kulipia ili uchapishwe siku tatu baadaye, na mhadhiri ananiambia: "Lakini limo PubMed." Makala moja moja za jarida zinaweza kuonekana PubMed kwa sababu mfadhili wa utafiti aliwataka waandishi waweke nakala PubMed Central. Jarida lenyewe halijawahi kupitishwa MEDLINE. Kutajwa si kuthibitishwa. Kwenye katalogi ya maktaba hiyo ya Marekani kuna ukurasa wa kila jarida unaosema kama linafanyiwa faharasa MEDLINE kwa sasa au la. Dakika mbili, umemaliza ubishi.

Nieleze jambo lililotokea kwenye kaunta yetu, mnisamehe nikiyaanika ya nyumbani. Alikuja tabibu kijana kutoka visiwani, begi mgongoni, meli inamsubiri. "Shikamoo mama." Marahaba. Alitaka makala kuhusu kichocho cha tumbo kinapofika kwenye ini, kwa sababu kule kwake anapokea watu wazima wanaotapika damu. Msaidizi wangu akamshughulikia vizuri tu: akafungua PubMed, akaandika, ikatoka rekodi yenyewe hasa. Chini yake ikisiri. Chini ya ikisiri, hakuna kitu. Nikamsikia akimwambia, "Pole kaka, PubMed hawana, wametoa ufupisho tu." Kijana akaandika mistari miwili ya ikisiri kwenye daftari, akashukuru, akatoka.

Nilipofika mezani skrini ilikuwa bado iko wazi. Upande wa kulia wa rekodi kulikuwa na vitufe viwili vidogo: kimoja cha mchapishaji, kingine cha PubMed Central. Cha pili kilikuwa bure. Kubofya mara moja, makala nzima, kurasa, majedwali, picha za ini. Tulimtumia kwa WhatsApp akiwa tayari yuko bandarini. Na hata kitufe hicho kisingekuwepo, bado tulikuwa na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaowawezesha wasomaji wa taasisi za nchi kama yetu kufika kwenye majarida ya kulipia. Nywila ya Hinari iko kwa mkutubi. Msaidizi wangu alikuwa nayo kichwani. Hakuikumbuka kwa sababu, kwa alivyoelewa yeye, safari ilikuwa imeishia PubMed. Angejua kwamba yuko kwenye faharasa, angeuliza swali linalofuata lenyewe: sawa, kidole kinaonyesha wapi?

Kuhusu vichwa vya mada, kwa ufupi, maana hilo ni somo la siku nyingine. Vinaitwa MeSH, na vimekuwepo tangu 1960. Ni orodha ya majina yaliyokubaliwa, ili makala zinazozungumzia jambo moja kwa majina kumi zikusanyike chini ya jina moja. Ukiandika bilharziasis, jina la zamani la kichocho linalomkumbuka Theodor Bilharz aliyewagundua minyoo wa ugonjwa huo Cairo mwaka 1851, PubMed yenyewe itaelewa kwamba unataka schistosomiasis na kukuletea zote. Ukiandika kichocho haitakutafsiria, hiyo kazi ni yako. Na kumbuka kwamba makala mpya sana inaweza kuwa haijapewa kichwa, hivyo ukitafuta kwa vichwa peke yake utaikosa. Andika na maneno ya kawaida pembeni. Tangu 2022 kazi ya kugawa vichwa hivyo hufanywa kwa sehemu kubwa na programu ya kompyuta, watu wakipitia baadhi. Kwa hiyo kidole nacho mara mojamoja huonyesha meza ya jirani.

Nirudi kwa yule mwanafunzi. Utafiti alioutaja ni wa kwetu, na ndiyo maana uliniuma zaidi. Ulifanyika vijijini mkoani Mwanza, jamii 12, sita zikiwa zimeboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati, na sita za kulinganisha. Kwa muda wa miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kule matibabu yalikoboreshwa. Dunia nzima ya afya ilishtuka. Matokeo hayo yalitoka Agosti 1995 katika Lancet, jarida la Uingereza lililoanza 1823. Wahariri wa Lancet ndio walioyapokea, wakayapeleka kwa wapitiaji, wakayachapa. PubMed ilikuja baadaye ikakuta jambo limeshakwisha, ikanyoosha kidole.

Nilimsubiri mlangoni. Nilimwomba nakala yake, nikachomoa penseli (kalamu inatisha watu), nikakata neno PubMed kwenye ukurasa wa tisa, juu yake nikaandika Lancet, 1995. Akatazama.

"Kwa hiyo PubMed nisiitaje kabisa, Mwalimu?"

Nikamwambia aitaje, tena kwa fahari, ila aihamishe. Iende kwenye sura ya mbinu, pale anapoeleza alivyotafuta: alitafuta kupitia PubMed, kwa maneno haya, tarehe fulani. Kisha nikamuuliza kama makala yenyewe ameisoma au ameishia kwenye ikisiri. Akacheka, akaangalia viatu vyake. Tumepanga aje Jumatatu, saa tatu asubuhi, tuifungue pamoja.