Synaptic na APT: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Synaptic, programu ya Linux ya kusakinisha programu nyingine kwa kubofya, ni mfumo mwingine, mbali na ule wa kuandika amri.

Ukweli: Ni dirisha la APT ile ile, yaani kisakinishi cha programu cha Debian na Ubuntu (aina za Linux). Kubofya Reload, yaani kuhuisha orodha ya programu zinazopatikana, ni sawa na kuandika sudo apt update. Ndiyo maana Synaptic na amri za apt hazisakinishi kwa wakati mmoja. Ukiona ujumbe unaotaja /var/lib/dpkg/lock-frontend, kuna programu nyingine iliyoshika kufuli, mara nyingi masasisho ya kiotomatiki. Subiri imalize, usifute faili hilo.

Dhana: Kompyuta isiyo na intaneti haina faida na Synaptic.

Ukweli: Hapa ndipo inapofaa kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa maabara ya shule kule Uyui au Uvinza ambako bando la simu ndilo intaneti yenyewe. Tia alama programu unayoitaka, lakini usibofye Apply (kitufe cha kuanza kusakinisha). Fungua menyu ya File, chagua Generate package download script. Utapata faili dogo la maandishi: mistari yake ina wget (amri ya kupakua) na anwani ya kifurushi kimoja kimoja cha programu. Lipeleke kwa flashi Tabora au Kigoma mjini, uliendeshe kwa amri ya sh kwenye kompyuta ya Linux, ndani ya folda tupu. Ukikuta kompyuta ya Windows, lifungue tu na unakili anwani moja moja kwenye kivinjari. Ukirudi, nenda File, Add downloaded packages, uchague folda hiyo.

Kuna makosa mawili yanayowarudisha watu mjini. La kwanza ni orodha iliyozeeka: anwani zinajibu 404 (faili halipatikani) kwa sababu toleo jipya limeshachukua nafasi ya lile la zamani. Fanya Reload kwa hotspoti ya simu kabla ya kuandaa faili. Itakula MB makumi tu. La pili ni kutumia faili la mashine moja kwa maabara nzima. Faili hilo hutaja vitegemezi (vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji) vinavyokosekana kwenye mashine hiyo pekee. Ya jirani inaweza kukosa vingine.

Dhana: Umeme ukikatika katikati ya kazi, sakinisha Ubuntu upya.

Ukweli: Hapana! Andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install. Kama ulikatika wakati wa kupakua tu, hakuna kilichoharibika.

Dhana: Complete removal, chaguo la Synaptic la kuondoa programu kabisa, hufuta nyaraka zako.

Ukweli: Hufuta programu na mipangilio yake ya mfumo, kama ile ya /etc. Folda yako ya nyumbani (home), yenye nyaraka zako, haiguswi.